Amani Iliyokwama Benchi la Nne

Amani ilikwama benchi la nne, Jumapili ya Kana, ile inayotufungulia Kwaresima, na mpaka leo humpati mtu wa kijiji chetu cha Ain Sindiani anayekubali kwamba siku hiyo hakuwepo kanisani. Hata waliokuwa kitandani na mafua wanasimulia walivyoona kwa macho yao.

Kwetu amani haigawiwi kwa kutikisa kichwa kushoto na kulia. Inatoka altareni. Padri anaigusa meza takatifu, anampa mtumikiaji, mtumikiaji anashuka nayo hadi benchi la mbele, na kuanzia hapo inakwenda mkono kwa mkono. Anayetoa huunganisha viganja, anayepokea huvifumbata kati ya viganja vyake, halafu humgeukia jirani. Benchi likiisha, wa mwisho hugeuka nyuma akampa aliye nyuma yake. Kwaya huimba wimbo wa amani muda wote huo, wala hawanyamazi mpaka mtu wa mwisho kabisa, kule mlangoni, ainue mkono kuonyesha kwamba imemfikia.

Zahiya mwoka mikate alikuwa benchi la nne na mumewe Nakhle. Theluji ilifika magotini kwenye ngazi za kanisa. Jiko la mazuti, yale mafuta ya kupashia nyumba joto, liliwaka katikati, kando ya benchi la tano, na ndiyo sababu benchi la tano ni la msimamizi wa wakfu. Mlangoni, kwenye upepo, walisimama wasichana wa kazi, wale wanaoletwa Misani kuwashikia mabibi zao makoti na watoto. Mmoja wao alikuwa Abrehet, ambaye hakumshikia mtu koti. Alisimama pale kwa mazoea tu. Alikuwa ameletwa kutoka Ethiopia kumtunza kikongwe mmoja wa kijijini, akamtunza mpaka akamfumba macho. Watoto wa kikongwe, walioko Kanada, wakasahau kwamba ndani ya nyumba ya mama yao kumebaki mtu. Zahiya akamchukua. Tangu hapo alikuwa akikanda unga na Zahiya, akila naye sahani moja, akilala chumba cha kijana wao Tanus aliyehamia Australia.

Siku ile Abrehet alikohoa. Alikohoa wakati wa masomo, akakohoa wakati wa Injili, akakohoa pale hasa maji yanapogeuka divai. Zahiya akashindwa kuvumilia. Aliinuka, akaenda mlangoni viatu vikilia kwenye mawe, akamshika Abrehet mkono wa sweta, akamvuta hadi benchi la nne na kumkalisha mwisho, upande wa jiko. Watu waligeuka kutazama, kisha wakarudisha macho mbele. Kikohozi ni kikohozi.

Halafu ukaja wakati wa amani. Nakhle akampa Zahiya, Zahiya akampa Abrehet, na Abrehet, kwa kuwa ndiye wa mwisho, akageuka nyuma. Nyuma yake alisimama Madamu Jorjina, mke wa Fares msimamizi wa wakfu. Kwenye benchi la tano yeye ndiye hupokea, akampa mumewe, kisha yeye mwenyewe akageuka kuipeleka la sita.

Madamu aliitazama ile mikono iliyounganishwa mbele yake. Vidole vilikuwa na alama za moto wa tanuri. Kisha taratibu akaingiza mikono yake ndani ya koti lake la manyoya, mkono huu huku, mkono ule kule, kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba anasikia baridi. Pembeni ya jiko!

Kwaya wakamaliza ubeti, wakatazama mlangoni. Hakuna mkono. Wakaanza tena. Wakamaliza, wakatazama. Hakuna mkono. Abrehet bado alikuwa amenyoosha viganja vyake. Ndipo Padri Bulos akakohoa, na yeye hakuwa na mafua, akaendelea na Misa. Abrehet akashusha mikono. Kuanzia benchi la tano hadi mlangoni, watu wakarudi makwao bila amani.

*

Kesho yake, Jumatatu ya Majivu, maana kwetu majivu hupakwa Jumatatu, watu walijaa kwenye tanuri tangu alfajiri. Majira ya mfungo ndiyo majira ya Zahiya: hakuna anayekula nyama, kila nyumba inataka mikate ya zaatari, ile inayopakwa majani makavu ya kunukia na mafuta, na mwanamke mwenye tanuri anaweza kupata akiba ya kumfikisha mavuno ya matofaa. Tanuri lenyewe si mali yake. Ni la wakfu wa kanisa, kama lilivyo nusu ya kijiji, na ufunguo anakabidhiwa na msimamizi.

Lakini siku hiyo waliokuja kununua mkate walikuwa wachache kuliko waliokuja kulalamika. Wa kwanza alikuwa mzee Shahin, fundi viatu, wa benchi la mwisho. Shavu lake lilikuwa limevimba mfano wa kitunguu.

"Mama Tanus," alisema, "amani yangu iko wapi?"

"Kwani nimeificha kwenye unga?"

"Usinichekeshe, nina jino. Miaka yote hii sijawahi kuumwa jino siku ya majivu. Jana sikupata amani, leo ona!"

"Mimi wangu kaondoka usiku kwenda kwa mama yake," akadakia dereva wa lori la gesi. "Na yeye pia wa nyuma."

"Wako huondoka kila mwezi," alisema Zahiya.

"Huondoka na sanduku dogo. Safari hii kachukua kubwa."

Watu wakacheka, ila walikuwa hawatanii sana. Mabenchi ya nyuma yalikuwa yamepasuka mabomba, yamefiwa na kuku, yamegombana na wakwe, na kila kitu kilihesabiwa kuanzia Jumapili. Mwanamke mmoja akasema, kwa sauti ya chini lakini yenye kusikika, kwamba kama kila mtu angebaki mahali pake haya yote yasingetokea.

"Mahali pake wapi?" aliuliza Zahiya.

"Si unajua."

"Sijui. Niambie. Mimi nimesoma mpaka darasa la tano tu, niambie."

Mwanamke akachukua mkate wake akaondoka. Abrehet alikuwa ndani, mbele ya mdomo wa tanuri, mgongo wake kwa watu. Alikuwa anaingiza na kutoa mikate kwa sepetu ndefu ya mti, wala hakugeuka hata mara moja. Kwenye paji la uso alikuwa na majivu kama wengine wote. Alikuwa ameyapokea asubuhi ile kwenye mstari, na aliyekuwa mbele yake mstarini alikuwa Madamu Jorjina.

*

Fares alikuja adhuhuri, watu walipopungua. Ni mtu mwenye sauti laini na mikono laini, anayependa kuonekana ana haraka. Aliagiza mikate mitatu ya zaatari, na wakati inaokwa akapitisha kidole juu ya ukuta wa tanuri kana kwamba anatafuta vumbi.

"Ukuta huu unahitaji chokaa, Zahiya."

"Niliomba chokaa mwaka juzi."

"Ndiyo, ndiyo." Akafuta kidole kwa leso. "Zahiya, mimi na Nakhle tumecheza pamoja utotoni. Sikuja kama mkubwa. Nimekuja kama ndugu."

"Karibu, ndugu."

"Madamu hajala tangu jana."

"Ni Kwaresima."

Fares akavuta pumzi. "Umemwaibisha mbele ya kijiji. Mtu wa rika lake, mwenye jina lake, unamletea yule..." Akatafuta neno, akatupa macho kule alikokuwa Abrehet. "Mimi simdharau mtu. Msichana wa kwetu nyumbani anakula chakula kilekile tunachokula sisi. Lakini kila kitu kina mpangilio wake."

"Aliyeaibishwa ni nani, Fares? Mwenye mikono nje au mwenye mikono ndani ya koti?"

"Usianze."

"Nauliza tu."

"Basi sikiliza." Sauti ikapoteza ulaini. "Jumapili ijayo yule arudi mlangoni alipokuwa. Na wewe, baada ya Misa, pale ukumbini penye kahawa, utamwambia Madamu neno la kuomba radhi. Neno moja, mbele ya watu, yaishe. La sivyo Jumatatu asubuhi nitakuja kuchukua ufunguo. Wapo wanaolitaka hili tanuri, na wanataka kulilipia kwa dola."

Akachukua mikate yake. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Hii iandike upande wa wakfu," maana yake hatalipa.

*

"Mwambie samahani," alisema Nakhle jioni ile. "Kwani samahani inauma wapi?"

Walikuwa mezani, supu ya dengu mbele yao. Nakhle ni mchonga mawe, ila tangu lira, pesa yetu, ianguke thamani hakuna anayejenga, na mikono yake mikubwa ilikuwa imepata mazoea ya kukaa mapajani.

"Nimwambie samahani kwa kosa gani?"

"Kwa lolote. Tafuta. Mtu hakosi kosa. Mwambie samahani kwa lile jambo la siku ya mazishi ya shangazi yake."

"Lile lilikuwa kosa lake!"

"Zahiya, mimi nakuuliza swali la mume. Tanuri likiondoka tutakula nini? Nitachonga mawe tuyatie chumvi?"

Mara mlango uligongwa, na kabla haujafunguliwa Mama Padri alikwishaingia, sahani ya biskuti za anisi mkononi, mumewe nyuma yake akikung'uta theluji kwenye kanzu. Padri Bulos alioa kabla ya kupadrishwa, kama mapadri wengi wa vijiji vyetu, na wenye ndimi ndefu wanasema parokia ina mapadri wawili, mmoja anasoma Misa, mwingine anaiendesha.

"Hatukuja kwa lolote," alisema Mama Padri. "Tumekuja kunywa kahawa. Bulos, sema ulilotumwa."

Padri akakaa, akazungusha kofia magotini. "Fares alinipitia. Zahiya, binti yangu, mimi moyoni niko na wewe. Lakini ugomvi ndani ya kanisa ni jeraha. Wakati mwingine Mkristo anapaswa kuubeba msalaba kimyakimya."

"Msalaba wa nani, Padri?"

"Wetu sote."

"Hapana. Huu ni wa Abrehet. Mnamtwika yeye halafu mnaniambia mimi ninyamaze ili usiwachubue nyinyi mabega." Zahiya alikuwa amesimama bila kujua. "Mimi sijui teolojia. Mimi kila asubuhi nauchora msalaba juu ya unga kabla haujaumuka, basi. Lakini nilifundishwa katekisimu na watawa, na hawakunifundisha kwamba amani inachagua ngozi. Kama inachagua, niambie wazi, nijue nimekuwa nikigawa nini miaka yote hii."

"Haichagui," alisema Padri kwa sauti ndogo.

"Basi lisemee hilo mimbarini."

Padri akatazama kofia yake. Paa la kanisa linavuja, pesa za paa ziko mkononi mwa Fares, na kila mtu chumbani mle alilijua hilo. Mama Padri akamsogezea kikombe. "Kunywa, Bulos, inapoa," alimwambia, na namna alivyomwambia ilikuwa mbaya kuliko karipio.

*

Abrehet alizungumza kesho yake, wakati wa kukanda. Wawili hao walikuwa uso kwa uso, hodhi la unga katikati, mikono imezama hadi viwiko.

"Usiogope," alisema Zahiya. "Mimi sitakurudisha mlangoni hata waje na maaskari."

"Nani kakwambia naogopa?"

"Nasema tu."

"Unasema sana, Mama Tanus. Tangu Jumapili unasema na Fares, unasema na Padri, unasema na mumeo, unasema na wanunuzi. Mimi hujaniuliza kitu."

Zahiya akaacha kukanda. "Nikuulize nini?"

"Kama nilitaka kuvutwa. Uliniuliza? Ulikuja pale mlangoni ukanikokota kama mbuzi, watu wote wanatazama. Mimi nilikuwa nakohoa, sikuwa nalia. Halafu yule mama akanifanyia vile, na wewe ukapata vita vyako. Unavipenda. Uso wako umerudi nyuma miaka kumi, kama wa msichana."

Ilimwingia Zahiya pabaya, kwa sababu asubuhi hiyohiyo alikuwa amejitazama kwenye kioo na kujiona hivyohivyo. Unga uliwangoja.

"Basi unataka kurudi mlangoni?" aliuliza mwishowe. "Ukitaka, nitanyamaza. Naapa."

"Nilisimama mlangoni kwa sababu siku ya kwanza nilionyeshwa mlango. Baadaye hakuna aliyenizuia kuingia, na mimi sikuingia. Hilo ni langu." Abrehet akaukunja unga, akaupiga chini. "Kwetu Irob babu wa babu yangu alikuwa Mkatoliki. Tulikuwa tunapanda mlima tangu giza kwenda Misani, watu na punda. Hawa wananitazama kama nimeiokota dini jikoni kwao."

"Basi utakaa?"

"Nitakaa. Lakini nitakwenda mwenyewe, na nitakaa mwenyewe. Usinishike mkono, usinitetee, usimtazame yule mama kwa macho yako hayo. Na kama tanuri litaondoka, usije baadaye ukaniambia umelitoa kwa ajili yangu. Uliniletea habari hii bila kuniuliza. Kwenye deni lake mimi simo."

"Haya," alisema Zahiya.

"Haya kweli?"

"Haya kweli. Niwie radhi."

Abrehet akamtazama, akaanza kucheka hadi kikohozi kikamrudia. "Kumbe neno hilo unalijua!" alisema. "Fares angelisikia angetia chokaa ukuta mzima."

*

Jumapili iliyofuata, ile ya Mkoma, kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Walikuja hata wale ambao huingia kanisani kwa kubebwa tu, wakati wa ubatizo na wakati wa jeneza. Mabenchi ya nyuma yalijaa kabla ya kengele. Mbele, kwenye benchi la nne, mwisho, upande wa jiko, Abrehet alikuwa amekaa peke yake kabla Zahiya na Nakhle hawajafika, shela yake nyeupe ya kwao kichwani, mgongo umenyooka.

Zahiya na Nakhle waliingia wakakaa kando yake bila neno. Nakhle alikuwa amenyoa vizuri sana. Uso wake ulikuwa wa mtu anayekwenda hospitali kusomewa majibu. Baadaye kidogo Madamu Jorjina akaingia na mumewe. Alipoiona ile shela alisimama katikati ya njia, na watu wote wakadhani atageuka kurudi. Hakugeuka. Benchi lile ni lake, jina la babamkwe wake limechongwa juu ya mti. Akakaa.

Padri akasoma Injili. Mkoma akaja, akapiga magoti, akasema ukitaka waweza kunitakasa. Yesu akamhurumia, akanyoosha mkono, akamgusa. Hapo Padri Bulos akainua macho, akatazama watu, na tukadhani sasa atalisema. Kumbe akahubiri juu ya faida za kufunga kwa afya ya tumbo. Mama Padri, kwenye benchi la pili, alifunga kitabu chake cha sala kwa kishindo.

Ndipo kwaya wakaanza wimbo wa amani.

Ilitoka altareni, ikashuka, ikapita benchi la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye benchi la nne Nakhle akaipokea, akampa mkewe. Zahiya akaunganisha viganja, na safari hii alitazama chini kama alivyoahidi. Abrehet akavifumbata. Akageuka nyuma.

Madamu aliingiza mikono ndani ya koti.

Kwaya wakafika mwisho wa ubeti, wakatazama mlangoni, wakaanza tena. Abrehet hakushusha mikono. Wakafika mwisho, wakaanza tena. Padri akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu. Abrehet akabaki amesimama, viganja pamoja, kama mtu aliyebeba maji na hataki kuyamwaga.

"Shusha mikono yako," alisema Madamu huku ameuma meno.

"Siwezi, Madamu."

"Nimekwambia shusha."

"Nimepewa," alisema Abrehet. Hakupaza sauti, lakini kwaya walikuwa wamefika kwenye pumzi, na kanisa zima lilisikia. "Si yangu. Nimepewa niitoe."

Kwaya wakaanza tena, sauti zikitetemeka, kwa sababu hakuna aliyewaambia wafanye nini na mkono wa mlangoni haukuwa umeinuka. Ndipo benchi la mwisho likalia. Mzee Shahin alikuwa ameinuka. Alikuja kwa njia ya katikati, kitambaa kimefungwa kutoka kidevuni hadi utosini kwa ajili ya jino, akapita benchi la saba, la sita, akapita la tano bila kutazama, akasimama mbele ya Abrehet.

"Binti yangu," alisema, "wiki nzima sijalala. Nipe mimi."

Akavifumbata vile viganja kwa mikono yake yenye gundi ya viatu. Kisha akaanza kurudi nyuma, mikono imeunganishwa mbele ya kifua. Alipopita benchi la tano, Fares, kwa siri, chini ya kiwiko cha mkewe, akatoa mikono nusu. Mzee Shahin akaiona.

"Hii ni ya nyuma, Fares," alisema. "Yako iko pale kwa binti. Bado hajashusha."

Fares akatazama pale. Kweli Abrehet alikuwa bado amenyoosha mikono, kuelekea benchi la tano. Fares akamtazama mkewe. Akarudisha mikono yake mfukoni, na masikio yake yakawa mekundu mpaka ncha.

Nyuma kulikuwa kama siku ya kufunguliwa maji ya bomba. Watu walipeana kwa haraka, kwa kelele, wengine wakipokea mara mbili. Dereva wa lori la gesi alimpa mkewe, aliyekuwa amerudi na sanduku lake kubwa. Wasichana wa kazi walipewa pia, wote, makoti ya mabibi yamening'inia viwikoni, na yule wa mwisho kabisa, mfanyakazi wa nyumba ya Fares mwenyewe, ndiye aliyeinua mkono mlangoni. Kwaya wakanyamaza. Sauti zilikuwa zimewakauka.

*

Jumatatu asubuhi Fares alikuja kuchukua ufunguo. Wengi wetu tulikuwa na shughuli karibu na hapo, hata ambao shughuli zao ziko upande mwingine wa kijiji.

Alikuta tanuri limefagiliwa, limefungwa. Ng'ambo ya njia, kwenye uwanja wa nyumba yake, Nakhle alikuwa amepanga mawe matatu aliyoyachonga yeye mwenyewe Jumapili mchana, na juu yake ameweka saji, lile bati lililobinuka ambalo bibi zetu waliokea mikate kabla ya matanuri. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulikuwa mwingi. Zahiya na Abrehet walikuwa wanafinyanga madonge.

Nakhle akavuka njia, akatoa ufunguo mfukoni, akamwekea Fares kiganjani. Alipourudisha mkono wake aliufuta kwenye suruali.

Fares hakuondoka. Alitazama ufunguo, akatazama watu, akamshika Nakhle bega na kumsogeza pembeni, ingawa si pembeni sana.

"Nakhle, ndugu yangu, mimi sitaki tufike huku. Jana usiku kucha nimefikiri, nimepata njia." Akateremsha sauti, nasi tukasogeza masikio. "Akae. Sisemi arudi mlangoni. Akae kwenye benchi kama watu. Ila asikae la nne. Akae la sita, nyuma yetu. Padogo tu pale, mwisho. Hivyo yeye hatampa Madamu, kila mtu atakuwa ameheshimiwa, na ufunguo huu unaurudisha mfukoni sasa hivi. Na chokaa naleta."

Tulimwona Nakhle anafikiri. Alitazama mlango wa tanuri, akatazama moshi unaomwingia mkewe machoni, akatazama mikono yake. Njia ile ilikuwa nzuri, tuseme ukweli. Hata sisi tuliokuwa pale wengi wetu tulikuwa tumeanza kutikisa vichwa kuikubali. Kiti angepata, jiko lingemfikia, na tanuri lingewaka.

"Zahiya," aliita Nakhle. "Unasikia?"

Zahiya alikuwa amesikia kila neno. Alikaza midomo. Akageuza uso kumtazama Abrehet.

Abrehet alikuwa anautandaza mkate juu ya mto wake wa nguo wa kuokea. Aliuzungusha hewani kutoka mkono hadi mkono hadi ukawa mwembamba wa kupitisha mwanga, akautupia juu ya saji, ndipo akafuta mikono.

"Benchi la sita," alisema.

"Ndiyo, binti," alisema Fares, na lilikuwa jambo la kwanza alilowahi kumwambia ana kwa ana. "La sita. Pale nyuma ya Madamu."

"Sawa. Mimi sina neno. La sita ni zuri."

Fares akatabasamu, akaanza kuunyoosha mkono wenye ufunguo.

"Ila amani inatoka mbele," alisema Abrehet. "Nikikaa nyuma ya Madamu, mimi simpi yeye. Yeye ndiye atakayegeuka anipe mimi. Kwa mikono yake. Kila Jumapili." Akaugeuza mkate kwa ncha za vidole. "Nenda kamuulize kama yuko tayari. Mimi niko tayari."

Mzee Shahin alianza kucheka, akashika shavu lake, akaendelea kucheka. Fares alisimama na mkono nusu njia. Ungeona macho yake yanavyohesabu mabenchi: la nne, la tano, la sita, akihesabu kwenda mbele mkewe anapewa, akihesabu kwenda nyuma mkewe anatoa, na hakukuwa na benchi linalofikiwa na jiko la kumwepusha, isipokuwa mlangoni.

"Muulize, Fares," alisema Nakhle, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko tulivyoizoea. "Sisi hatuna haraka. Akikubali ulete ufunguo. Akikataa ukae nao, wala usije tena kwangu na mpangilio mwingine. Na ile mikate mitatu ya Jumatatu iliyopita, mimi si wakfu. Ulipe."

Fares akautia ufunguo mfukoni. Akatafuta noti, akaziweka juu ya jiwe bila kuzitazama, akapanda njia kuelekea kwake, akiteleza kidogo kwenye barafu. Hakuna aliyemcheka hapo. Tulingoja apinde kona.

Kuni zilikuwa zimeanza kushika. Zahiya akafuta macho kwa mgongo wa mkono, kwa sababu ya moshi, akapiga saji kofi moja la haraka kuona kama imepata moto, kisha akanyanyua kichwa na kupaza sauti ya kufika mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji:

"Haya, nani wa kwanza?"